Ivan Magill: Daktari aliyewafungulia njia ya pumzi waliopigwa nusu kaputi

Kama umewahi kufanyiwa upasuaji mkubwa ukapigwa nusu kaputi, huenda kazi ya Ivan Magill ilikupitia kooni bila wewe kujua.

Magill alizaliwa Julai 1888 Larne, mji wa bandari ulio katika Ireland Kaskazini ya leo. Alisomea udaktari Belfast, akamaliza 1913. Mwaka uliofuata Vita Kuu ya Kwanza ikaanza, naye akawa daktari wa jeshi. Vita ilipokwisha akapelekwa Hospitali ya Queen's, Sidcup, karibu na London, akaambiwa kazi yake ni kulaza wagonjwa usingizi. Utaalamu huo hakuwa nao. Aliujifunzia humo humo kazini, pamoja na mwenzake Stanley Rowbotham.

Na kazi yenyewe ilikuwa ngumu kweli. Sidcup walipelekwa wanajeshi waliovunjwa taya, waliokatwa pua, walioungua uso mzima. Daktari Harold Gillies alikuwa anawatengenezea nyuso upya. Sasa fikiria: dawa ya usingizi inaingia kwa mdomo na pua, na daktari wa upasuaji anataka mdomo huo huo na pua hiyo hiyo. Ukiweka barakoa, hapasui. Ukiiondoa, mgonjwa anaamka, au damu inamwingia kwenye mapafu.

Njia iliyokuwepo ilikuwa kusukuma hewa yenye etha kwa mrija mwembamba hadi ndani ya koo. Lakini hewa ikiingia lazima itoke, na ilipotoka ilimpuliza daktari usoni, etha na damu pamoja. Magill na Rowbotham wakaongeza mrija wa pili wa kutolea. Baadaye wakaona kumbe mpira mmoja mpana unatosha, mgonjwa avute na kutoa pumzi humo humo mwenyewe. Magill alikata mipira hiyo kutoka kwenye roli la mpira wa kawaida, ule mpindo wake ukasaidia kufuata njia ya koo. Mwaka 1920 akatoa koleo lenye shingo iliyopinda, la kuuelekeza mpira mahali pake bila kuziba macho ya anayeuingiza.

Bado swali moja: mpira umeingia, je, huku nje unaungwa na nini? Hapo ndipo ulipotoka mfumo wa kupumulia unaobeba jina lake. Ukiutazama ni vitu vichache tu. Hewa mpya inatoka kwenye mashine, kando yake kuna mfuko, halafu bomba refu lenye mikunjo, na karibu kabisa na mgonjwa kuna vali ya kutolea pumzi.

Ujanja wote uko kwenye hiyo vali. Mgonjwa akitoa pumzi, sehemu ya kwanza ni hewa iliyoishia kooni, bado safi, nayo inarudi kwenye bomba. Mfuko ukijaa, vali inafunguka, na ile pumzi ya mwisho kutoka ndani ya mapafu, iliyojaa kabonidioksidi, inatoka nje. Kwa hiyo mtu mzima wa kilo 70 anayepumua mwenyewe anatosheka na takriban lita 5 au 6 za hewa kwa dakika.

Ila ole wako ukianza kumpumulia kwa kuminya mfuko! Vali inafunguka wakati wa kuminya, hewa safi ndiyo inayokimbia, na chafu inarudi kwenye bomba kusubiri kuvutwa tena. Hewa mpya inabidi iongezwe mara mbili au zaidi, la sivyo kabonidioksidi inapanda kimya kimya.

Mwaka 1954 mwanafizikia William Mapleson wa Cardiff aliipanga mifumo ya aina hii kwa herufi, wa Magill ukapewa A. D umegeuzwa: hewa mpya inaingia karibu na mgonjwa, vali iko mbali, ndiyo maana unafaa zaidi kwa anayepumuliwa. E ni kiungo chenye umbo la T cha Philip Ayre wa Newcastle, cha mwaka 1937, kisicho na vali wala mfuko, kwa ajili ya watoto wachanga wasioweza kusukuma vali. Mashine nyingi za leo zinatumia mfumo wa mzunguko, ambapo pumzi inapitishwa kwenye chokaa maalumu inayonyonya kabonidioksidi, kisha inatumika tena.

Magill mwenyewe aliendelea na kazi London, katika hospitali za Westminster na Brompton, akashughulika sana na upasuaji wa kifua. Alikuwa miongoni mwa waliopigania usingizi uwe fani yenye mtihani wake, na mtihani wa kwanza ukafanyika 1935. Alifariki Novemba 1986, akiwa na miaka 98. Koleo lake bado liko kwenye trei ya thieta, umbo lile lile.