Nicolas Appert

Nicolas Appert (17 Novemba 1749 – 1 Juni 1841) alikuwa mpishi wa Ufaransa aliyebuni njia ya kuhifadhi chakula kwa kukichemsha ndani ya chombo kilichofungwa kabisa. Njia hiyo ndiyo asili ya vyakula vya makopo. Vitabu kadhaa humwita François, lakini hilo ni kosa.

Maisha

Alizaliwa Châlons, mashariki mwa Paris, ambako baba yake alikuwa na nyumba ya wageni. Alijifunza upishi, akahudumu katika jumba la mtawala wa Zweibrücken, Ujerumani, kisha mwaka 1784 akafungua duka la vitu vitamu Paris. Aliunga mkono Mapinduzi ya Ufaransa, hata hivyo mwaka 1794 alitiwa gerezani kwa miezi michache.

Uvumbuzi

Wakati ule chakula kilihifadhiwa kwa chumvi, siki, sukari au kwa kukaushwa. Ladha ilibadilika, na mabaharia waliokaa miezi mingi bila matunda wala mboga waliugua kiseyeye. Appert alijaza nyama, mboga au maziwa katika chupa za kioo zenye mdomo mpana, akazikaza kwa vizibo na waya, akazichemsha ndani ya maji. Kila chakula kilikuwa na muda wake, naye aliugundua kwa kujaribu tena na tena kwa miaka mingi. Kiwanda chake kilikuwa Massy, kusini mwa Paris, na jeshi la majini lilizijaribu chupa zake safarini.

Yeye mwenyewe hakujua hasa kwa nini njia hiyo ilifaulu. Hata mwanakemia Gay-Lussac alidhani siri ilikuwa kukosekana kwa oksijeni tu. Kwamba joto huua vijidudu vinavyoozesha chakula kulielezwa na Louis Pasteur katika miaka ya 1860.

Kitabu na hataza

Mwaka 1810 serikali ilimpa Appert faranga 12,000 kwa sharti la kuichapisha njia yake. Angeweza kuomba hataza na kuifanya mali yake; alichagua kuandika kitabu, na kila aliyekisoma aliweza kumwiga. Mwaka uleule Peter Durand alipata hataza mjini London kwa njia kama hiyo, iliyotaja pia vyombo vya bati. Bryan Donkin na wenzake waliitumia katika kiwanda chao cha Bermondsey, London, wakaliuzia jeshi la majini la Uingereza. Makopo ya kwanza yalikuwa mazito, yakifunguliwa kwa patasi na nyundo, maana kifungua kopo kilikuja miongo kadhaa baadaye.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1814 majeshi yaliyoivamia Ufaransa yaliharibu kiwanda cha Massy. Appert alianza upya Paris, safari hii akitumia pia bati, na mwaka 1822 alipewa heshima ya mfadhili wa binadamu. Heshima hiyo haikulipa madeni. Alifariki Massy akiwa maskini, na umri wa miaka 91, akazikwa katika kaburi la pamoja.