Jon Postel

Jonathan Bruce Postel (Altadena, California, 6 Agosti 1943 – Los Angeles, 16 Oktoba 1998) alikuwa mwanasayansi wa kompyuta kutoka Marekani, mtunzaji wa namba na majina ya intaneti.

Kazi

Tangu mwaka 1969 alihariri hati za RFC zinazoeleza kanuni za mtandao. Alitunza pia orodha ya namba za poti zinazotumiwa na huduma za mtandao, kama 25 ya kupeleka barua pepe na 53 ya kutafuta anwani za tovuti. Kwa kuwa orodha ni moja, kompyuta iliyopo Maramba, wilayani Mkinga, huelewana na ya Tokyo.

Alisimamia ugawaji wa vikoa vya nchi, vikiwemo .ke ya Kenya (1993) na .tz ya Tanzania (1995).

Jaribio la 1998

Mnamo Januari 1998 aliwaomba waendeshaji wanane wa seva kuu za majina wafuate seva yake badala ya ile ya kampuni ya Network Solutions. Serikali ya Marekani ilipinga, akarudisha utaratibu wa awali. Mwezi Septemba iliundwa ICANN ili kupokea majukumu hayo.

Kifo

Wiki chache baadaye alifariki kutokana na matatizo yaliyofuata upasuaji wa moyo.