William Mulholland: Msafisha mtaro aliyeleta maji Los Angeles, ugomvi ukamfuata hadi uzeeni

Kama wewe ni mtu wa filamu, jina Mulholland lazima umelisikia. Kuna barabara inayopita juu ya vilima vya Los Angeles, Marekani, taa za jiji zima zikiwa chini yake. Inaitwa Mulholland Drive. Aliyepewa heshima hiyo hakuwa mwigizaji, wala hakuwa mwanasiasa. Alikuwa jamaa wa maji. Alianza kazi na koleo mkononi, ndani ya mtaro, akaishia kuwa bosi wa maji wa jiji zima bila cheti hata kimoja cha uhandisi.

Stori yake huwa inasimuliwa kama ya hasla aliyetoboa. Ni kweli, alitoboa. Lakini kuna upande mwingine. Huyu mzee alijua kumaliza mradi, ila kumaliza ugomvi kulimshinda, na mwishowe gharama ililipwa na watu waliokuwa wamelala vitandani mwao.

Kijana wa koleo

William Mulholland alizaliwa Belfast, Ireland, Septemba 11, 1855, akakulia Dublin. Mamake alifariki akiwa na miaka saba. Shule haikumkaa. Akiwa na miaka 15 aliingia kwenye meli za mizigo za Uingereza, akavuka Atlantiki mara kadhaa, na mwaka wa 1874 akashuka New York. Akafanya kazi kwenye meli za Maziwa Makuu ya kule Marekani, akakata miti Michigan, na mwaka wa 1877 akafika Los Angeles. Usiwaze jiji la leo. Ulikuwa mji wa vumbi wa watu kama 10,000 hivi.

Mwaka uliofuata alipata kazi na kampuni ya kibinafsi iliyosambaza maji mjini. Alitoa magugu na matope kwenye mtaro mkuu ili maji ya mto yafike kwa watu. Alilala kwenye kibanda karibu na mtaro huo huo. Mchana koleo, usiku vitabu: hesabu, mambo ya miamba, jinsi maji yanavyosukumana ndani ya bomba.

Inasimuliwa kwamba siku moja mkuu wa kampuni alipita hapo akamuuliza yeye ni nani na anafanya nini. Mulholland, bila kuinua kichwa, akamwambia hayo hayamhusu. Alipojuzwa ni nani aliyemjibu hivyo, alijua kazi imeisha, akaenda ofisini kuchukua pesa zake. Badala ya kufutwa akapandishwa cheo. Kufikia 1886 ndiye aliyekuwa msimamizi wa mfumo mzima.

Ugomvi uliokwisha vizuri

Mnamo 1868 mji ulikuwa umeikodisha kampuni hiyo maji yake kwa miaka 30. Mwaka wa 1898 mkataba ukaisha na mji ukataka kujiendeshea mambo. Kampuni ikasema sawa, lakini tulipeni mabomba na matangi tuliyoongeza. Bei ikawa tatizo. Wasuluhishi wakaitwa, mawakili wakaingia, miaka ikapita.

Kizungumkuti kilikuwa hiki: utathamini vipi mabomba yaliyozikwa chini ya barabara wakati rekodi hazijakamilika? Rekodi ilikuwa kichwani mwa Mulholland. Inasemekana alichora mtandao wote kwa kumbukumbu, ukubwa wa kila bomba na umri wake, na palipochimbwa ili kuhakikisha, mambo yakawa vile alivyosema. Mwaka wa 1902 mji ukalipa dola milioni 2, ukachukua mabomba na ukamchukua yeye pia.

Shika hapo kidogo. Mzozo huo ulikwisha kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na taarifa moja, kutoka kwa mtu ambaye wote walimwamini. Hali kama hiyo hakuipata tena.

Mto wa watu wengine

Los Angeles ilikua haraka na mto wake haungetosha. Rafiki yake Fred Eaton, aliyewahi kuwa bosi wake kwenye kampuni na baadaye meya, alikuwa na wazo. Mwaka wa 1904 walisafiri kwa mkokoteni wa farasi hadi Bonde la Owens, chini ya milima ya Sierra Nevada, kuona mto uliojaa maji ya theluji. Bonde liko juu kuliko jiji. Maana yake maji yangeteremka yenyewe, bila pampu hata moja.

Shida ni kwamba mto ulikuwa na wenyewe. Wakulima wa Owens walikuwa wakisubiri mradi wa unyunyiziaji wa serikali ya shirikisho. Eaton alipoanza kununua mashamba na haki za maji, wengi walidhani ni kwa ajili ya mradi huo. Mbaya zaidi, afisa mmoja mkubwa wa mradi huo wa serikali alikuwa pia akilipwa na jiji kama mshauri. Gazeti lilipotoboa siri Julai 1905, karatasi zilikuwa zimeshatiwa sahihi. Kisheria, jiji lilikuwa sawa. Kwa wakulima, walikuwa wamechezwa.

Kisha ikaja kujulikana kwamba matajiri kadhaa wa Los Angeles walikuwa wamejinunulia ardhi kavu katika Bonde la San Fernando, mahali ambapo maji hayo yangefikia. Hapo hata aliyekuwa na nia njema alionekana mwizi.

Mjengo wa kilomita 375

Kwa kazi ya ujenzi, mpe heshima yake. Mwaka wa 1907 wapigakura waliidhinisha mkopo wa dola milioni 23, na mwaka uliofuata kazi ikashika kasi. Mfereji ulikuwa wa kilomita 375, yaani kama kutoka Nairobi hadi Kisumu na bado uendelee, huku ukikata jangwa na milima. Mahandaki peke yake yalifika kilomita 69. Kabla ya maji kutembea ilibidi wajenge reli ya kilomita 193, barabara, laini za simu, umeme na kiwanda chao cha saruji.

Chifu, ndivyo vibarua walivyomwita, alijua kusukuma kazi. Wachimba mahandaki waliopita kipimo cha siku walilipwa bonasi, na kasi ikapanda. Matrekta mapya yalipozidi kuharibika jangwani, hakung'ang'ania teknolojia. Alirudisha nyumbu, si wale wa Mara, bali wale wa punda na farasi, wakavuta mabomba makubwa ya chuma. Mwaka wa 1910 pesa za mkopo zilipokwama, maelfu walisimamishwa kazi. Bei ya chakula kambini ikapandishwa, waliobaki wakagoma. Bado mradi ulisimama tena ukaendelea.

Novemba 5, 1913, makumi ya maelfu ya watu walikuja kuona maji yakiporomoka. Hotuba ya Mulholland ilikuwa ya maneno matano tu kwa Kiingereza: aliwaonyesha maji, akawaambia wayachukue. Mradi ulikuwa umeisha ndani ya muda na ndani ya bajeti. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha California kikampa shahada ya heshima, yeye ambaye hakuwa hata na cheti cha sekondari.

Marafiki wanakosana, baruti inalia

Sasa turudi kwa Eaton. Alikuwa amejiwekea ardhi ya Long Valley, juu kabisa ya bonde, mahali pazuri kwa bwawa kubwa. Bwawa hapo lingehifadhi maji ya miaka ya mvua, jiji lipate na wakulima wapate. Inaelezwa kwamba Eaton alitaka kama dola milioni 1. Mulholland akaona huo ni unyang'anyi, akakataa. Marafiki wa miaka mingi wakaacha kuongea, na bwawa kubwa halikujengwa.

Miaka ya 1920 ukame ukaingia. Jiji likaanza kuvuta maji ya chini ya ardhi na kununua mashamba zaidi. Lilinunua la huyu, likaruka la jirani. Wakulima waliotegemea mtaro mmoja walijikuta wamebaki wachache wa kuutunza, huku majirani wakishukiana. Usiku wa Mei 21, 1924, watu walilipua sehemu ya mfereji kwa baruti. Novemba 16 mwaka huo kundi lingine liliteka lango la Alabama Gates, likafungulia maji yarudi bondeni. Walikaa siku nne, familia zikaja na nyama ya kuchoma, damu haikumwagika. Waliondoka baada ya kuahidiwa kwamba kilio chao kitafikishwa mezani. Hakikuzaa kitu, na mwaka wa 1927 milipuko ikarudi. Kilichowavunja wakulima si suluhu. Agosti mwaka huo benki ya ndugu wawili waliowaongoza ilianguka, ndugu wakafungwa kwa wizi wa pesa za wateja, na akiba za bonde zikapotea.

Usiku wa Machi 12

Bila bwawa la Long Valley, na mfereji ukilipuliwa kila mara, jiji lilihitaji akiba ya maji karibu na nyumbani. Mulholland akajenga bwawa la St. Francis kati ya 1924 na 1926, ukuta wa zege wa kama mita 60. Wakati wa ujenzi kimo kiliongezwa mara mbili bila msingi kupanuliwa. Hakuna mhandisi wa nje aliyekagua. Nani angemkagua Chifu?

Asubuhi ya Machi 12, 1928, mlinzi wa bwawa aliona maji machafu yakivuja, akapiga simu. Mulholland alikuja, akatazama, akasema ni salama, akaenda zake. Dakika tatu kabla ya saa sita usiku ukuta ulivunjika. Maji yalisafiri kilomita 87 hadi Bahari ya Pasifiki. Waliokufa ni angalau 431, mlinzi huyo akiwa miongoni mwao.

Kwenye uchunguzi hakurushia mtu lawama. Alisema kosa likionekana ni la binadamu, binadamu huyo ni yeye, na kwamba anawaonea wivu waliokufa. Jopo halikumshtaki, lakini lilisema usalama wa bwawa usiachiwe tena uamuzi wa mtu mmoja. Mwaka wa 1929 California ikapitisha sheria ya kuyaweka mabwawa chini ya ukaguzi wa jimbo.

Jambo la ajabu ni fidia. Safari hii jiji halikukimbilia mawakili. Kamati ya wawakilishi wa pande zote mbili, jiji na waathiriwa, ilikaa pamoja ikapitia madai, na mengi yalilipwa bila kesi. Kumbe jiji lilijua kukaa mezani.

Mulholland alistaafu mwishoni mwa 1928, akawa mtu wa kimya. Mnamo 1934 Eaton akiwa mgonjwa, marafiki hao walipatana muda mfupi kabla Eaton hajafa. Mulholland akamfuata Julai 22, 1935. Mwaka wa 1941 bwawa la Long Valley likakamilika. Ziwa Owens lililokauka liligeuka vumbi, na jiji limeshatumia zaidi ya dola bilioni 1 kulituliza.

Maji mengi ya Nairobi yanatoka Murang'a, na mara kwa mara wa huko huuliza wao wanapata nini. Kabla hujawaona wasumbufu, kumbuka Owens. Bwawa la kuwafaa wote lilisubiri miaka mingi, na wawili waliokosania bei yake hawakuishi kuliona.