Johann Sebastian Bach, Mwalimu wa Kwaya

Kila mwaka Novemba ikikaribia kuisha, kwaya yetu huwa na ubishi uleule. Wengine wanataka nyimbo za Noeli zianze mara tu mshumaa wa kwanza wa Majilio unapowashwa, kwani hata madukani zinapigwa. Wengine wanasema Noeli ni tarehe 25 Desemba, haiji kabla. Ubishi huo haujawahi kupata mshindi. Ndiyo maana, tulipoombwa tumweleze mtunzi mmoja katika kitabu hiki cha jubilii, hatukukawia kumchagua Johann Sebastian Bach. Kazi yake kwa miaka 27 ilikuwa kama ya mwalimu wetu, na mambo mengi ya maisha yake yalimkuta katika majuma hayo ya kumngoja Bwana.

Alizaliwa tarehe 21 Machi 1685 mjini Eisenach, Ujerumani, katika ukoo wa wanamuziki. Kabla hajatimiza miaka kumi mama yake alifariki, na baba akafuata miezi michache baadaye. Kaka yake mkubwa, mpiga ogani katika mji wa Ohrdruf, alimchukua na kumlea. Alipofika umri wa miaka 18 alikuwa tayari ameajiriwa kupiga ogani katika kanisa moja mjini Arnstadt.

Hapo Arnstadt hakuwa malaika. Alimdharau mwanafunzi mmoja aliyepiga zumari kubwa la besi, wakakutana usiku barabarani, ikawa fimbo kwa upanga. Miezi michache baadaye, mnamo Oktoba 1705, aliomba ruhusa ya majuma manne akamsikilize mzee Dieterich Buxtehude mjini Lübeck. Alikwenda kwa miguu. Safari ile ni ya kilomita 400 hivi, pungufu kidogo ya kutoka Nairobi hadi Mombasa. Alitaka nini huko? Buxtehude alikuwa na desturi ya kuandaa muziki wa jioni katika Kanisa la Mtakatifu Maria, na jioni tatu kati ya zile tano za kila mwaka ziliangukia Jumapili za Majilio. Watu wa mji walikusanyika gizani, katika baridi ya Desemba, kusikia waimbaji na vyombo vikiwaandaa kwa Noeli. Bach alikuwa na miaka 20. Majuma manne yakawa karibu miezi minne.

Aliporudi, wakuu wa kanisa walimwita ajieleze. Walitaka kujua alikuwa wapi muda wote huo, na kwa nini sasa anapamba nyimbo za ibada kwa sauti ngeni hata waumini wanapotea katikati ya ubeti. Sisi tuliowahi kupotea katikati ya ubeti kwa sababu ya mpiga kinanda tunawaelewa wale wazee. Hata hivyo, kile alichokipata Lübeck hakikumtoka tena.

Mwaka 1714, akiwa mtumishi wa mtawala wa Weimar, alipewa jukumu la kutunga kantata moja kila mwezi. Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 2 Desemba, alileta ile inayojengwa juu ya wimbo wa kale wa Martin Luther wa kumkaribisha Mwokozi wa mataifa. Mwanzo wake aliutunga kwa mtindo wa Kifaransa uliopigwa mfalme alipoingia ukumbini. Anayeingia safari hii ni Kristo, lakini kwa unyenyekevu. Kisha inakuja sehemu fupi ambayo kila mwanakwaya angefaa aisikie walau mara moja. Besi anaimba maneno ya Kitabu cha Ufunuo, ya Bwana anayesimama mlangoni, na wapiga fidla wanaweka pinde chini na kudonoa nyuzi kwa vidole. Ni mlango unabishwa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Majilio ya 1717 alianza akiwa kifungoni. Alikuwa ameng'ang'ania kuacha kazi ili ahamie Köthen, mtawala akakasirika na kumfunga kuanzia tarehe 6 Novemba hadi tarehe 2 Desemba. Jumapili ya kwanza ya Majilio ilimpita akiwa ndani. Köthen alifanikiwa, lakini mwaka 1720 alirudi kutoka safarini na mtawala wake mpya akakuta mkewe, Maria Barbara, amekwisha kuzikwa. Alimwoa mwimbaji, Anna Magdalena, mwezi Desemba 1721. Kwa wake wote wawili alipata watoto 20, na nusu yao walikufa wadogo. Aliyezika watoto kumi hakutunga nyimbo za kifo kwa kubahatisha.

Mwaka 1723 alihamia Leipzig kuwa mwalimu wa kwaya ya Shule ya Mtakatifu Thomas, na hapo ndipo ubishi wetu unapomhusu. Leipzig ilikuwa na sheria: Jumapili ya kwanza ya Majilio kantata iliimbwa, kisha kantata zilinyamaza Jumapili tatu, hadi Noeli. Mtu huyu alikuwa na kantata nzuri za Majilio alizozileta kutoka Weimar, na sasa hapakuwa na Jumapili ya kuziimbia. Hakulumbana. Aliyoitunga mwaka 1716 kwa Jumapili ya nne ya Majilio aliipanua ikawa ya sikukuu ya Mariamu kumtembelea Elisabeti, mwezi Julai, na katika kuipanua akaongeza ule wimbo wa kumshangilia Yesu ambao siku hizi hupigwa maarusi wakiingia kanisani. Bila ule mwezi wa kunyamaza huenda tusingekuwa nao.

Kimya hicho hakikuwa likizo. Nyuma ya mlango kulikuwa na mazoezi na kunakili karatasi za kila sauti kwa mkono, kazi iliyowashika hata wanafunzi na jamaa wa nyumbani. Noeli ilipofika mwaka huo wa kwanza, watu walisikia Magnificat yake. Mwaka 1734 aliwapa Oratorio ya Noeli yenye sehemu sita, zikaimbwa siku sita tofauti, kuanzia tarehe 25 Desemba hadi Epifania.

Na aliyafanya haya kwa kwaya gani? Mwezi Agosti 1730 aliwaandikia wakuu wa mji malalamiko marefu. Aliwahesabu vijana wake: 17 wanafaa, 20 bado hawajafaa, 17 hawafai kabisa. Aliomba angalau waimbaji watatu kwa kila sauti, ili mmoja akiugua ibada isiharibike. Baraza halikumsaidia sana. Mwalimu wetu aliposomewa hesabu hiyo alicheka, kisha akatutazama mmoja mmoja, nasi tukaacha kucheka.

Uzeeni macho yalimharibikia. Alipasuliwa mara mbili na daktari Mwingereza aliyekuwa akizunguka nchi, hali ikazidi kuwa mbaya, akafariki tarehe 28 Julai 1750. Anna Magdalena aliishi kwa msaada wa maskini hadi alipokufa mwaka 1760, jambo ambalo mji ule haupaswi kujivunia. Kaburi la Bach lilikaa bila jiwe la kumbukumbu. Muziki wake wa kanisa ulisahauliwa na wengi hadi mwaka 1829, kijana Felix Mendelssohn alipouongoza Mateso kwa Mathayo mjini Berlin.

Mwaka 1950 mabaki yake yalihamishiwa ndani ya Kanisa la Mtakatifu Thomas, mbele karibu na madhabahu. Kwaya ya wavulana wa shule ile ingali hai, na huimba humo kila juma, wakiwa wamesimama mgongoni mwa waumini, juu kwenye roshani, pale alipokuwa akisimama yeye.