Nanji Kalidas Mehta na Zama Zake

Katika kuadhimisha siku ya hekalu letu ni vyema vijana wakasimuliwa habari za waliotutangulia. Mmoja wao ni Nanji Kalidas Mehta, ambaye jina lake lilivuma Afrika Mashariki kwa biashara ya sukari.

Alizaliwa mwaka 1887 katika kijiji cha Gorana, karibu na Porbandar, Gujarat. Mara nyingi husimuliwa kana kwamba bidii pekee ndiyo iliyompandisha. Bidii alikuwa nayo. Lakini tuzitazame na zama zake. Mwaka 1899 mvua zilikosekana Gujarat, ikafuata ile njaa kuu ambayo wazee wetu waliiita Chhappaniyo. Tangu karne nyingi majahazi ya pwani hiyo yalikuja Zanzibar na Mombasa kwa pepo za kaskazi. Basi kijana huyo alipovuka bahari mwanzoni mwa karne ya 20, alifuata njia iliyokwisha kukanyagwa na wengi. Reli kutoka Mombasa ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901, ikaifungua Uganda kwa wafanyabiashara.

Huko alianza na duka, akaingia katika pamba, na mwaka 1924 akaanzisha kiwanda cha sukari Lugazi, kati ya Kampala na Jinja. Pamba ililimwa na wakulima Waafrika. Miwa ilikatwa na vibarua, wengi wao kutoka mbali. Chini ya utawala wa Kiingereza, jembe lilibaki kwa Mwafrika na viwanda vya kuchambulia pamba vikawa mikononi mwa wageni. Mwaka 1949 watu wa Buganda waliinuka, wakidai pamoja na mengine haki ya kuchambua pamba yao wenyewe.

Mehta alitoa mali yake kwa elimu, na akagharimia Kirti Mandir ya Porbandar, kumbukumbu ya Mahatma Gandhi. Alifariki mwaka 1969. Miaka mitatu baadaye Idi Amin aliwafukuza Waasia, na jasho la maisha yake likachukuliwa. Zama zilizompandisha ndizo pia zilizozaa chuki iliyowaangukia watoto wake.

Nasi wenye maduka hapa Unyambwa tulisimama kwa bidii, na pia kwa mtama, ngozi na asali ya majirani zetu. Anayejua alivyoinuliwa hamsahau aliyemwinua. Mungu atudumishie ujirani huu.