Speke na mwanga wa ziwa letu

John Hanning Speke alizaliwa Uingereza mwaka 1827, akawa askari India. Hapa Mwanza anakumbukwa kwa siku moja: tarehe 3 Agosti 1858, alipopanda kilima akaliona ziwa ambalo wenyeji waliliita Nyanza. Jina Victoria alilibandika yeye. Sisi tunaosoma falsafa tunavutiwa zaidi na macho yake.

Yalikuwa mabovu. Miezi michache kabla, alipofika Ziwa Tanganyika na Richard Burton, maradhi ya macho yalimzuia kuyaona vizuri hata maji yaliyokuwa mbele yake. Burton alipobaki mgonjwa Kazeh, ndiyo Tabora, Speke alikuja huku amevaa miwani ya rangi kukinga mwanga mkali. Watu waliinama kuichungulia chini ya kofia yake!

Sisi wa ufukweni tunajua mwanga unavyocheza na jicho. Mvua ikisafisha hewa, vilima vya mbali huonekana vimesogea. Kiangazi, kwa vumbi na moshi wa nyasi, hufifia na kudhaniwa viko mbali zaidi. Agosti ni kiangazi. Speke aliutazama mlima wa Majita ng'ambo ya maji akauhesabu kuwa kisiwa, kumbe uko bara. Nchi ya chini inayouzunguka haionekani kutoka mbali hivyo.

Lakini hakutegemea macho tu. Alichemsha maji na kupima joto lake, kwa kuwa mahali palipoinuka maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Akatambua kwamba ziwa hili liko juu kuliko Tanganyika (kwa vipimo vya leo, mita 1,134 dhidi ya 770 hivi). Pia aliwauliza wenyeji kupitia Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuwa mtumwa India. Walimwambia hawajui mwisho wa maji upande wa kaskazini. Akahitimisha: hapa ndipo chanzo cha Nile. Hitimisho sahihi, hoja pungufu. Mwalimu wa mantiki angempunguzia alama, na Burton alimkatalia kabisa.

Tarehe 28 Julai 1862 aliona mto ukitoka ziwani, Jinja, ila hakuufuata wote. Tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo na Burton huko Bath, aliuawa na risasi ya bunduki yake mwenyewe mawindoni. Mwaka 1875 Stanley alilizunguka ziwa kwa mashua, akianzia Kageye.