Niels Finsen, Munganga wa Mwangaza

Mara hii tunapenda kuwaelezea maisha ya mtu aliyefanya mwangaza kuwa dawa. Jina lake ni Niels Ryberg Finsen.

Alizaliwa mwaka wa 1860 katika visiwa vya Faroe, kule kaskazini ambako wakati wa baridi jua ni la shida. Alisoma Iceland, kisha akaenda Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, akapata diploma ya uganga mwaka wa 1890. Lakini tangu 1883 ugonjwa ulikuwa umemkamata: moyo na maini viliharibika, tumbo likajaa maji. Hakupona tena. Nyumba yake haikupata jua, na yeye aliona kwamba akiota jua anasikia nguvu kidogo. Njo vile alianza kujiuliza: jua linafanya nini mwilini?

Alijijaribu yeye mwenyewe kwanza. Alipaka wino mweusi kuzunguka mkono wake, akauweka juani saa tatu nzima. Alipofuta wino, ngozi ya chini yake ilikuwa nzima, lakini pembeni iliungua, kisha ikageuka kahawia. Akarudi juani bila wino. Sasa ile sehemu nyeupe ndiyo iliungua, na ile ya kahawia ikazidi tu kuwa nyeusi.

Wanafunzi wenzetu, tuangalie jambo hili vizuri. Weusi wa ngozi si uchafu, ni ukuta. Anayejipakaa mafuta ya kujichubua anabomoa ukuta wake kwa mikono yake. Na ndugu zetu albino, ambao hawana ukuta huo, wanahitaji kofia, mikono mirefu na kivuli, siyo kuchekwa.

Mwaka wa 1895 Finsen alianza kutunza watu wenye lupus vulgaris, ni kusema kifua kikuu cha ngozi, kinachokula pua na mashavu. Wagonjwa hao walijificha juu ya haya. Alichukua taa kali ya elektriki, akapitisha mwangaza wake katika lensi na maji ili usiunguze, akauelekeza kwenye kidonda kila siku, kwa miezi mingi. Wengi walipona, wakarudi kati ya watu. Mwaka wa 1896 Taasisi ya Finsen ilifunguliwa Copenhagen.

Mwaka wa 1903 alipewa Zawadi ya Nobel ya uganga, lakini hakuweza kusafiri kuipokea, juu alikuwa akikaa katika kiti cha magurudumu. Sehemu kubwa ya feza hizo aliitoa kwa kazi yake. Alikufa tarehe 24 Septemba 1904, akiwa na miaka 43 tu.

Baadaye antibiotiki zilichukua nafasi ya taa yake. Lakini njia aliyofungua haikufungwa. Mwaka wa 1960, Theodore Maiman alitengeneza leza ya kwanza kule Marekani, na leo minganga wa ngozi wanaitumia kwa kuondoa madoa fulani. Mionzi mingine inasaidia wenye vitiligo, yale mabaka meupe, warudishiwe rangi. Kazi hiyo inataka munganga aliyeifunza, kwa sababu mwangaza ule ule unaoponya unaweza kuunguza.

Finsen hakupata dawa ya ugonjwa wake mwenyewe. Hata hivyo hakuacha kutafuta ya wengine.